Mnauliza, Tunajibu: Hiyo 2147483647 ni tasa kweli? Nani aliigawa mpaka akajua?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia namba tasa, na nyingi zinaitaja namba moja ileile, 2147483647. Nimefurahi kwa kweli maana ni namba ninayoipenda toka zamani, kwa hiyo nimeipa safu karibu yote na barua nyingine zitasubiri. Nikiandika 2^31 wewe soma "mbili kwa kipeo cha 31", yaani 2 thelathini na moja zimezidishwa pamoja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ndo naanza kujifunza kuandika programu. Nimeona namba nzima ikifika 2147483647 ukiongeza moja tu inageuka hasi. Rafiki yangu anasema hiyo namba ni tasa. Je ni kweli? Walifanya makusudi? Afu nani alikaa akaigawa kwa namba zote mpaka akajua haigawanyiki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na karibu kwenye programu. Ni tasa, haina shaka, na ilithibitishwa mwaka 1772, watu wanaandikia manyoya ya ndege na kompyuta haijaota mtu. Ila makusudi hakuna. Kompyuta ikihifadhi namba nzima kwenye biti 32 (biti ni nafasi inayobeba 0 au 1), biti moja inabeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na hizo 31 zote zikiwa 1 unapata 2^31 - 1 ambayo ndo hiyo bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba na ushee. Ingeweza kabisa isiwe tasa. Angalia saizi nyingine: biti 8 zinaishia 127, tasa. Biti 16 zinaishia 32767, na hiyo ni 7 × 31 × 151, sio tasa. Biti 64 zinaishia 9223372036854775807, inagawanyika kwa 7 na kwa 127. Ukienda biti 128 unafika 2^127 - 1, na hapo tena ni tasa!

Siri iko kwenye kipeo. 7, 31 na 127 ni tasa zenyewe, 15 na 63 sio. Kipeo kikigawanyika na namba yake inagawanyika, hiyo haina msamaha: 15 ni 3 × 5, kwa hiyo 2^3 - 1 ambayo ni 7, na 2^5 - 1 ambayo ni 31, zote mbili lazima ziigawe 32767, na umeziona hapo juu.

Sasa nani aliigawa. Wa kwanza kusema hadharani ni Pietro Cataldi wa Italia, mwaka 1588, alithibitisha 2^17 - 1 na 2^19 - 1 kwa kugawa kweli kweli, afu akadai na vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa. Kati ya hivyo vinne ni 31 peke yake alichopatia. Kwa hiyo kwa karibu miaka 200 hiyo namba ilikuwa ni ya kusadikika tu, mpaka mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Urusi, akiwa karibu kipofu kabisa, akaandika barua kwa mmoja wa akina Bernoulli akieleza kwamba amemaliza kazi.

Hapa ndo penye utamu wote na naomba unisome taratibu. Kuanza na kitu rahisi: huhitaji kugawa kwa namba zote, unaishia kwenye kipeuo cha pili, maana namba ikiwa na vigawo viwili lazima kimoja kiwe kidogo au sawa na kipeuo. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na pointi. Na chini ya hapo unahitaji zile tasa tu, ambazo ni karibu 4,800. Kwa mkono, kwa namba ya tarakimu kumi, mtu anaweza kufanya lakini ataumia na atakosea mahali.

Euler akajiuliza swali tofauti: kama kigawo kipo, lazima kifananeje? Tuseme kuna tasa fulani, tuiite q, inaigawa 2^31 - 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q linabaki 1. Sasa anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha kwa 2, zidisha kwa 2, kila mara ukiacha baki la kugawa kwa q na kutupa mengine. Mabaki yatazunguka na kurudi kwenye 1, tunajua hatua ya 31 yamerudi, na kama kuna mzunguko mfupi zaidi basi urefu wake lazima uigawe 31, lakini 31 ni tasa kwa hiyo haikubali mzunguko mfupi isipokuwa wa hatua moja, na wa hatua moja hauwezekani kwa sababu ingebidi 2 na 1 ziwe kitu kimoja. Basi mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Upande mwingine Pierre de Fermat alishasema toka 1640 kwamba ukitembea hatua q kutoa 1 lazima ujikute kwenye 1. Ukiunganisha hayo mawili, 31 lazima iigawe q kutoa 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q kutoa 1 ni shufwa, basi sio 31 tu, ni 62 inayoigawa. Kila kigawo cha namba yetu, kama kipo, ni kizidisho cha 62 ukiongeza 1. Hakuna njia nyingine.

Hiyo peke yake inatupa karibu kila kitu nje. 3 nje, 5 nje, 7 nje, 11, 13, 17, zote nje bila kugawa hata mara moja.

Afu kuna chujio la pili. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2, lakini 2^32 ni mraba wa 2^16, kwa hiyo 2 inajitokeza kama baki la mraba, na tasa ambazo zinaruhusu hilo ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 linabaki 1 au 7. Changanya machujio yote mawili unapata kwamba q lazima iwe kizidisho cha 248 ukiongeza 1, au kizidisho cha 248 ukiongeza 63. Basi. Chini ya 46341 namba za namna hiyo ni 373 (ukiiacha 1), na ukiondoa ambazo zenyewe sio tasa zinabaki themanini na kitu. Kutoka elfu nne na mia saba na kitu mpaka themanini na kitu!

Jaribu mwenyewe uone. 63 sio tasa, 249 ni 3 × 83, inayofuata ni 311, hiyo ni tasa kwa hiyo tunaigawia: 311 × 6905092 ni 2147483612, linabaki 35. Haigawi. Zinazofuata 497, 559, 745, 807, 993, 1055 na 1241 zote si tasa, unaziruka mpaka 1303, afu 1489, unaendelea hivyohivyo. Kazi ya mchana mmoja au miwili kwa mtu mwenye utulivu. Zote zikakataa, na namba ikawa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, ikakaa na hilo taji kwa miaka mingi. Mimi nikifundisha namba tasa naanzia hapa kila mara, maana mwanafunzi anaona kwamba kujua sio lazima uhangaike na kila kitu, unaweza kuuliza kwanza kitu unachokitafuta kina sura gani.

SWALI: Mwalimu habari, umesema kipeo kikiwa sio tasa namba nayo sio tasa. Je kinyume chake? Kipeo kikiwa tasa basi jibu ni tasa moja kwa moja? Kama ndivyo si tutengeneze kubwa tunavyotaka.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, na wengi wameanguka hapo. 2, 3, 5, 7 zinatoa 3, 7, 31, 127, zote tasa, mtu anashawishika. Afu inakuja 11, na 2^11 - 1 ni 2047. Tumia sheria ya Euler hapo juu: kigawo cha 2047 lazima kiwe kizidisho cha 22 ukiongeza 1, ya kwanza kabisa ni 23, gawa, na inaingia: 23 × 89. Kumbe hata 89 inatii, ni 22 × 4 ukiongeza 1.

Wale wengine wa Cataldi walianguka hivyohivyo. 2^23 - 1 inagawanyika kwa 47, 2^37 - 1 kwa 223, na 2^29 - 1 ni 233 × 1103 × 2089. Padri wa Ufaransa Marin Mersenne, ambaye hizi namba zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257 na humo aliweka viwili visivyostahili, 67 na 257, na akaviacha vitatu vilivyostahili, 61, 89 na 107. Hiyo ya 67 ina kisa kinachopendwa sana na watu wa hesabu: mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wenzake Marekani, akakokotoa 2^67 - 1 ubaoni, akasogea pembeni akazidisha 193707721 × 761838257287 kwa mkono, majibu mawili yakalingana, 147573952589676412927, akarudi kukaa bila kusema kitu.

Namba tasa za Mersenne zinazojulikana mpaka sasa ni 52 tu. Kwa hiyo kutengeneza tunavyotaka, hapana, kila kipeo kinapimwa peke yake.

SWALI: Naomba kujua hizi tasa kubwa zina kazi gani hasa. Mume wangu anasema ni watu kujifurahisha tu na mimi namwambia lazima kuna kitu.

JIBU: Dada, mumeo ana mwenzake mkubwa. Peter Barlow wa Uingereza mwaka 1811 aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na hii hii 2147483647 (namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ni 1 + 2 + 3) kwamba ni kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu hazina faida yoyote na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Hiyo namba kamilifu ni 2305843008139952128. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha 2^127 - 1, yenye tarakimu 39, na ikatoa namba kamilifu kubwa zaidi mara nyingi mno.

Sasa kazi. Ninayoipenda kuonyesha ni ya kutengeneza namba za kubahatisha, zile programu inazotumia kuchanganya karata kwenye gemu au kuiga kitu kisichotabirika. Chukua 1. Zidisha kwa 16807, gawa kwa 2147483647, chukua baki. Rudia kwa baki ulilopata. Unapata 16807, afu 282475249, afu 1622650073, afu 984943658, na kuendelea, kwa macho huoni mpango wowote. Ukianza na 1, hatua ya 10,000 lazima uwe kwenye 1043618065, na hiyo ndo namba watu wanayotumia kuhakikisha programu yao haijakosea. Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988 waliipendekeza hii njia kama kiwango cha chini ambacho kila kompyuta iwe nacho.

Kwanini inafanya kazi? Kwa sababu ya utasa. Kwa kuwa 2147483647 ni tasa, urefu wa mzunguko wa namba yoyote unayozidishia lazima uigawe 2147483646, ambayo ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ukizidishia 2 mzunguko ni mfupi vibaya, hatua 31 umerudi ulikotoka (tumeliona hilo kwenye jibu la kwanza). Lakini 7 inapita kwenye mabaki yote bilioni mbili na ushee, moja baada ya nyingine, bila kurudia hata moja, ndo irudi kwenye 1. Na 16807 ni 7^5, na kwa kuwa 5 haimo kwenye vile vigawo hapo juu nayo inapita kote vilevile. Ingekuwa namba unayogawia sio tasa, mabaki mengine yasingefikiwa kabisa. Ila usitumie hii kwa neno la siri wala kitu cha pesa, mtu akiona namba moja anajua zote zinazofuata.

Kwa upande wa siri kuna tasa nyingine. Ukifungua ukurasa wenye usalama, mara nyingi nyuma yake kuna tasa zenye tarakimu mamia, na kwenye ile njia ya kuficha ujumbe inayoitwa RSA zinachaguliwa mbili kwa kubahatisha, kila moja ina tarakimu kama 300, zinazidishwa, na usalama upo kwenye ugumu wa kuzitenganisha tena. Za Mersenne hazifai kwa hiyo kazi maana zinajulikana na kila mtu. Lakini kuna njia nyingine ambayo tasa yenyewe haina haja ya kufichwa, na huko 2^521 - 1, tarakimu 157, imo kwenye viwango rasmi vya Marekani. Hiyo iligunduliwa mwaka 1952 na Raphael Robinson kwa kompyuta iliyoitwa SWAC, siku moja na 2^607 - 1, na wakati ule hakuna aliyejua itakuja kulinda ujumbe wa mtu. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba zinatumika, ila na yeye ana haki kidogo, walioitafuta waliitafuta kwa kuipenda.

SWALI: Ni kweli kompyuta zitakufa 2038 kwa sababu ya hii namba?

JIBU: Hazifi. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, na ile inayohifadhi hizo sekunde kwenye biti 32 itafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, saa tisa usiku na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Greenwich, sekunde inayofuata inageuka hasi na mfumo unadhani ni mwaka 1901. Dawa yake ni kuhamia biti 64 na mifumo mingi imeshahama. Zinazotia wasiwasi ni mashine ndogondogo zilizofungwa ndani ya vitu vingine, ambazo hakuna anayezifungua kusasisha programu yake. Utasa hauna uhusiano na hili, ni ukubwa tu.

SWALI: Nimesoma tasa kubwa kuliko zote ina tarakimu milioni 41. Hii mimi siiamini. Hakuna kompyuta inayoweza kugawa namba kama hiyo kwa zote zilizo chini yake, hata sheria zako za Euler hazitoshi. Wanajuaje?

JIBU: Una haki kutoamini na hesabu yako ni sahihi, kwa kugawa haiwezekani kabisa, ulimwengu utaisha. Lakini hawagawi. Namba yenyewe ni 2^136279841 - 1, tarakimu 41,024,320, aliyeipata ni Luke Durant, Oktoba 2024, kupitia mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 ambao watu wa kawaida wanaazimisha kompyuta zao. Ilikamatwa kwanza na kadi ya grafiki iliyoko Dublin, Ireland, kwa jaribio linalosema "karibu hakika ni tasa", kesho yake kadi nyingine iliyoko San Antonio, Texas ikathibitisha kwa jaribio lisilo na "karibu".

Hilo jaribio lilianzishwa na yule Lucas na likanyooshwa na Derrick Lehmer miaka ya 1930, na ni fupi mno unaweza kulishika kichwani. Anza na 4. Kila hatua: piga mraba, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, bakiza baki tu. Kama kipeo chako ni p (tasa witiri), fanya hatua p kutoa 2. Ukiishia kwenye 0 namba ni tasa. Usipoishia kwenye 0 sio tasa. Hamna maelezo mengine.

Tuipime 127 pamoja, yaani 2^7 - 1, hatua 5. Tunaanza na 4. Mraba wake 16, toa 2, 14. Mraba 196, toa 2, 194, ukitoa 127 linabaki 67. Mraba 4489, toa 2, 4487, linabaki 42. Mraba 1764, toa 2, 1762, linabaki 111. Mraba 12321, toa 2, 12319, na hiyo ni 127 × 97 kamili, linabaki 0. Tasa! Na hatujagawa kwa 3 wala 5 wala 7. Fanya hivyohivyo kwa 2047, hatua 9, utaishia kwenye 1736, sio 0, kwa hiyo umejua haina utasa bila kukutana na 23 wala 89. Hilo mimi mpaka leo linanishangaza, jaribio linakwambia namba inavunjika na halikwambii inavunjikia wapi.

Kwa ile ya Durant ni hivyohivyo, ila hatua ni 136,279,839 na kila hatua unapiga mraba namba yenye tarakimu milioni 41. Nzito, ndiyo, lakini ni kazi yenye mwisho. Na kugawa kwenyewe ni rahisi sana kwa namba za sura hii, maana 2^p ukiigawa kwa namba unayoipima linabaki 1, kwa hiyo kompyuta inakata biti za juu, inazijumlisha na za chini, basi, haigawi. Ni ujanja uleule wa kujumlisha tarakimu ili kujua baki la 9. Ndo maana tasa kubwa zinazovunja rekodi karibu zote ni za Mersenne: sio kwamba tasa nyingine za ukubwa huo hazipo, zipo tele, ila hizi tuna jaribio jepesi la kuzipima na zile hatuna.

SWALI: Kwani hakuna ya mwisho?

JIBU: Hakuna, Eukleides wa Ugiriki alishalimaliza kama miaka 2,300 iliyopita. Chukua tasa zozote ulizonazo, zizidishe zote, ongeza 1. Jibu halitagawanyika kwa yoyote kati ya hizo kwa sababu kila moja inabakiza 1, kwa hiyo lina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Sio lazima jibu lenyewe liwe tasa, angalieni hapo, wengi wanakosea: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30031, na hiyo ni 59 × 509, lakini 59 na 509 hazikuwemo. Ila kama tasa za Mersenne nazo hazina mwisho, hilo halijathibitishwa na mtu yeyote.

SWALI: Mwalimu, nimekaa nikafikiri. 5 ni tasa, 2^5 - 1 ni 31, tasa. 2^31 - 1 ni hii yetu, tasa. Je tukiiweka hii yetu yenyewe kuwa kipeo, 2^2147483647 - 1?

JIBU: Umefikiri kama wakubwa walivyofikiri. Hiyo namba ina tarakimu zaidi ya milioni 646, mara kumi na tano na zaidi ya ile ya Durant, jaribio la Lucas lingekuwa mzigo wa kutisha. Lakini hatulihitaji, sheria ya Euler imetuokoa tena: kigawo chake chochote lazima kiwe kizidisho cha 2147483647 mara mbili ukiongeza 1, watu wakapanga foleni wakazijaribu, na ikapatikana 295257526626031. Ukitaka kuhakiki, 137490 × 2147483647 ni 295257526626030, ongeza 1, umeipata. Kuonyesha kwamba inaigawa kweli, andika programu fupi: anza na 2, piga mraba na kuacha baki kwa 295257526626031, rudia mara 31, hapo una 2^2147483648 na baki linatakiwa kuwa 2, maana yake kipeo kimoja chini ni 1. Tumia namba kubwa kuliko biti 64 kwenye kupiga mraba, zile za kawaida zitafurika na utapata uongo. Kwa hiyo mnyororo wako, 5, 31, 2147483647, unakatikia hapo.

Upo mwingine haujakatika. 2 inatoa 3, 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 127 inatoa ile ya Lucas yenye tarakimu 39, zote tasa. Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 170141183460469231731687303715884105727, kutoa 1. Tarakimu zake haziwezi kuandikwa popote, kwa hiyo Lucas na Lehmer hawasaidii, na kilichobaki ni kujaribu vigawo vya ile sura ya Euler kimoja kimoja. Wamejaribu vingi sana, hakuna kilichoingia bado.